Madebe Ishirini na Mawili ya Chokaa

Birika langu la Mikumi lina ugonjwa. Kila baada ya muda mfupi linaota ukoko mweupe tumboni, mgumu, wenye magamba, na ukimimina chai unapata vipande vinavyoelea kama maganda ya yai. Nimepanga nyumba yenye kisima, na mwenye nyumba anajivunia kisima hicho kuliko anavyojivunia watoto wake. Siku nilipomweleza kwamba maji yake ni magumu alinitazama kwa huruma, akatumbukiza kidole kwenye ndoo, akakichomoa, akauliza, "Mbona kimeingia?"

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nalisema hili mapema ili msomaji anionee huruma mapema. Mwalimu wa historia akienda kwao likizo anaulizwa habari za safari. Mimi naulizwa kama ninaweza kutengeneza sabuni, kama dawa ya panya inaua na kuku, na kwa nini maharage ya fulani yalikataa kuiva siku ya hitima.

Hilo la maharage, kwa bahati mbaya, naliweza. Maji yakipita kwenye mawe yenye chokaa huondoka na chokaa hiyo bila kuaga. Huioni, huinusi, lakini sabuni inajua: badala ya povu inatoa utando wa kijivu unaoshika beseni. Maharage nayo yanajua, yanakaza ngozi na kugoma. Nilipokuwa nasoma bweni Kilosa mjini, kipande kimoja cha sabuni kilinifikisha mbali hadi wenzangu wakanishuku kwamba siogi. Hapa Mikumi nanunua sabuni kama mtu mwenye mapacha.

Kinachonichekesha zaidi ni vipimo vya ugumu huo. Ungedhani watu waliofika mwezini wasingeshindwa kukubaliana juu ya maji. Wajerumani wana digrii yao. Wafaransa wana digrii yao, ndogo kidogo kuliko ya Mjerumani. Waingereza nao hawakukubali kupitwa, wana ya kwao katikati. Wamarekani wanahesabu punje za chokaa ndani ya galoni, mtu asiyejua atadhani wanapika ubwabwa. Sisi shuleni tunafundisha miligramu kwa lita, na hiyo ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haina kiburi cha taifa lolote. Digrii moja ya Mjerumani ni karibu miligramu kumi na nane za chokaa katika lita. Wanafunzi wangu wanaikariri hiyo, wanaiandika kwenye mtihani, kisha wanaisahau kabla hawajafika getini. Nami nilikuwa naamini kwamba haina madhara kwa mtu yeyote kuisahau.

Mama yangu anaishi upande wa Zombo, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, juu ya mwinuko. Magoti yake yamechoka. Akiinuka kitini anayaombea dua kwanza, goti moja baada ya jingine, na akiteremka kwenda kuchota maji bondeni anashuka kwa ubavu kama kaa. Nimemwomba mara nyingi aje kukaa nami Mikumi. Anajibu kwamba Mikumi kuna tembo, kana kwamba mimi naishi nao chumba kimoja.

Kwa hiyo kijiji kilipochimbiwa visima virefu viwili, nilianza kusali sala ya ubinafsi. Kisima kimoja kilichimbwa juu, jirani kabisa na nyumba ya mama, ungeweza kurusha ndala ikakipiga. Cha pili kilikuwa kule bondeni, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, karibu na nyumba ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Visima viwili, lakini pampu ya sola ilikuwa moja. Ikiwekwa juu, mama angechota maji akiwa amevaa kandambili za chooni. Ikiwekwa bondeni, magoti yake yangepanda na kushuka mlima ule hadi siku yatakapokataa kabisa. Mimi sikutaka kuiona siku hiyo.

Mama na shangazi ni mawifi, na uwifi wao ni wa vita. Mama alipoletwa bibi harusi, shangazi ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuonja upishi wa mgeni, maana kwetu wifi ndiye mlango: asipokupitisha yeye umelala nje. Mama akapika maharage. Shangazi akatafuna moja, akaweka kijiko chini, akasema mbele za watu, "Kaka yangu Mungu amempa meno mazuri. Atafaidi." Tangu siku hiyo hakujawa na msiba, harusi wala maulidi pale kijijini ambapo hawajawekeana masufuria mawili ya maharage, moja la mama, moja la shangazi, na watu wazima na akili zao wakazunguka katikati wakionja na kuogopa kutoa maoni.

Fundi aliyechimba cha juu alikuja na chupa ndogo ya dawa. Nilikuwapo, nilimwona. Alichukua maji kwenye kichupa, akadondosha tone, maji yakawa mekundu, akaendelea kudondosha huku akihesabu kwa midomo mpaka wekundu ukageuka kijani. Kila tone ni digrii moja ya Kijerumani. Alipomaliza alichukua rangi na burashi, akaandika juu ya mfuniko wa chuma: 22. Akaenda zake. Cha bondeni kilichimbwa na fundi mwingine, ambaye alipeleka chupa ya maji kupimwa mjini, akarudi na jibu la miligramu, akaandika juu ya mfuniko wake: 190. Naye akaenda zake. Hakuna aliyeandika kipimo. Rangi ilitosha namba tu, nadhani.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wetu ni mtu mwepesi wa kuamua, jambo zuri isipokuwa anapoamua. "Ndugu wananchi," alisema, "juu kuna chokaa ishirini na mbili. Bondeni mia na tisini. Nani anataka kunywa mia na tisini? Pampu iende juu. Kuna swali?"

Nilifurahi. Sitaki kuficha, nilifurahi hadi nikahisi upepo kwenye magego. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, ameyanyoosha magoti yake kwenye mkeka, na alinifinya paja kwa furaha. Kisha sauti fulani ndani yangu, sauti ya chaki na rula, ikaniuliza nimeshawakata maksi watoto wangapi wa watu kwa kuandika namba bila kipimo. Nikasimama. Nilijichukia wakati nasimama.

Nikaeleza. Nikawaambia namba hizi ni za vipimo viwili tofauti, haziwezi kulinganishwa hivi hivi. Nikaona macho yanaanza kulegea, nikaamua kutumia mfano wa nyumbani. "Chukulieni digrii ya Kijerumani ni debe la mahindi," nilisema, "na miligramu ni kilo. Debe moja lina kilo kumi na nane hivi. Sasa madebe ishirini na mawili na kilo mia na tisini, upi mzigo mkubwa?"

"Madebe!" uwanja mzima ukajibu. Nikaona nimefaulu. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile hata darasani.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa amesimama nyuma ameegemea fimbo yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo madebe ishirini na mawili ya chokaa yamo ndani ya kisima sasa hivi?"

"Hapana, mzee, ule ni mfano."

"Yameshatolewa?"

"Hayakuwamo, mzee."

"Basi tatizo liko wapi?"

Mama mmoja akasema ndiyo maana alisikia kishindo usiku wa kuchimba. Mwingine akataka kujua nani alipewa zabuni ya hiyo chokaa, na kwa nini kijiji hakikushirikishwa. Nilijaribu kurudia, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo chokaa ilivyozidi kuongezeka. Hadi leo kuna watu wanaoamini kwamba mtu alimwaga magunia ya chokaa kwenye kisima cha juu na kwamba mimi ndiye niliyemfichua.

"Mwalimu, kaa," mwenyekiti akasema kwa upole. "Tunahitaji kitu kinachoonekana."

Hapo ndipo shangazi aliposimama. Ni mdogo kidogo kwa mama, mwembamba, magoti yake bado yanamtii, na ana sauti ya kuita ng'ombe wa mtu mwingine. "Maharage hayana Kijerumani," alisema. "Yapikwe. Mimi kwa maji ya bondeni, wifi kwa maji ya juu. Yatakayoiva vizuri, pampu iende huko."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Nami pia, kwa aibu, nikakubali kwamba ni jaribio zuri. Maharage kutoka gunia moja, masufuria yanayolingana, kuni za mti mmoja, moto unawashwa pamoja. Nimeona majaribio mabaya kuliko hilo kwenye vitabu. Kitu kimoja tu sikukifikiria, na ni kitu ambacho mtoto yeyote wa kwetu angekifikiria: wapishi wenyewe.

Kwetu kila nyumba ina magadi. Ni mawe meupe kama chumvi chafu, ukidokoa kidogo ukatia kwenye maharage yanalainika haraka. Kila mwanamke anayatumia, na hakuna anayekubali. Kwa kitoweo cha nyumbani si kitu. Lakini kwenye shughuli ya watu, kuitwa mpishi wa magadi ni tusi, maana yake huna subira na moto wala mkono wa kupika. Kwa hiyo magadi huendeshwa kimagendo. Mama hufunga yake kwenye pindo la khanga. Ya shangazi sikuwahi kujua yanakaa wapi, ila nilijua kwamba yapo.

Walipika asubuhi, hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine, wakipeana migongo. Watu walikuja na viti vyao. Niliketi mahali ambapo niliyaona masufuria yote mawili, na kwa muda mrefu sikuona kitu isipokuwa mvuke. Kisha mama akainama kuchochea kuni, na pindo la khanga likapita juu ya sufuria, polepole, kama linalofukuza nzi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, shangazi alikuwa amefunua mfuniko wake anaonja mchuzi, na mkono wake mwingine, ule usiokuwa na kijiko, ulikuwa unakung'uta vidole juu ya sufuria.

Basi nikajua mambo yatakavyokwenda, kabla ya mtu mwingine yeyote, na elimu ile haikunisaidia kitu. Kwenye maji magumu, magadi yana kazi: yanaikamata chokaa, yanaituliza chini, na maharage yanapata nafasi ya kuiva kwa amani. Kwenye maji laini zaidi, kama ya bondeni, magadi yanakosa mapema wa kupigana naye, kwa hiyo yanayageukia maharage.

Waonjaji walikuwa wazee, pamoja na yule mzee mfugaji, ambaye alisema yeye hali maharage, ndiyo maana anafaa kuwa hakimu. Alionja ya mama, akatikisa kichwa kwa heshima. Wengine wakaonja, wakaonja tena, mmoja akauliza kama kuna ugali. Maharage ya mama yalikuwa mazima, laini, kila moja limekaa kwenye ngozi yake. Kisha wakahamia kwa shangazi. Kijiko kilipozama kilitoka na uji wa kahawia. Mzee mfugaji aliuweka mdomoni, akautafuta, akasema unanukia kama shati lililofuliwa.

Watu walicheka. Nami nilicheka, nisiseme uongo, kwa sababu ilichekesha. Ila kicheko hakikuishia kwenye maji. Mtu akasema mkono umezeeka. Mwingine akasema hata kwenye msiba uliopita aliona dalili. Kisha mwenyekiti, mwepesi wa kuamua, akatangaza kwamba pampu inakwenda juu, na kwamba kwenye maulidi yajayo maharage yote yapikwe na mama peke yake, tusiwape wageni uji.

Shangazi alifunika sufuria lake. Alikaa ameushika mfuniko kwa viganja vyote viwili ingawa ulikuwa wa moto, akitazama chini, na yeye si mtu wa kutazama chini. Angeweza kujitetea kwa neno moja tu, na neno hilo ndilo lingemmaliza.

Nilimgeukia mama nikitarajia kuona furaha yake. Alikuwa amepata kila kitu kwa mkupuo: maji mlangoni, na ushindi alioutafuta tangu akiwa bibi harusi. Mama hakuwa anatazama watu. Alikuwa anamtazama wifi yake. Akaanza kuyaombea magoti, moja, la pili, akasimama.

"Mwenyekiti," alisema, "sufuria langu lina magadi."

Akashika pindo la khanga, akafungua fundo kwa meno, akamwaga yaliyobaki chini ya miguu yake mbele ya kila mtu. "Maji ya juu ni magumu. Mwanangu aliwaambia, hamkusikia. Bila haya maharage yangu mngeyarusha kwa manati. Na ya wifi yamevunjika kwa sababu maji ya bondeni ni laini mno, moto ulikuwa mkali, basi. Wifi hana kosa. Mpelekeeni pampu."

Shangazi aliinua uso. Watu wakageuka kunitazama mimi, mtaalamu, niseme kama ni kweli. Hakuna maji laini duniani yanayoweza kuyafanya maharage yawe uji unaonukia shati bila kusaidiwa. Wajerumani, Wafaransa na Waingereza, pamoja na ugomvi wao wote, wangekubaliana juu ya hilo.

"Ni kweli," nilisema. "Inawezekana kabisa."

Pampu ikaenda bondeni. Mama akaitwa mpishi wa magadi kwa muda mrefu, na watoto walimtania njiani, naye akawajibu kwa matusi ya heshima yanayofaa umri wake. Jioni ile nilikuwa na hasira naye hadi nikashindwa kula. Nilimwambia nimesimama mbele ya kijiji nikajivunjia baraka yangu mwenyewe, Mungu akaturudishia kwa mlango wa nyuma, na yeye akaifukuza. Nilimuuliza, sasa hayo magoti?

Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, hakuinua kichwa. "Magoti ni yangu," alisema. "Na wifi ni wangu."

Nilirudi Mikumi nimenuna. Nilimtumia dawa ya kuchua, nikampigia simu mara kwa mara kumuuliza habari za maji, naye kila mara alijibu kwamba maji yapo, kana kwamba nimeuliza habari za hewa. Likizo ilipofika nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeamua kwamba nitachota maji kila siku hadi nijaze kila chombo ndani ya nyumba ile, pamoja na vikombe.

Asubuhi ya kwanza nilichukua ndoo, nikaanza kuteremka. Katikati ya mlima nikakutana na shangazi anapanda, ndoo kichwani, khanga imelowa mabegani, pumzi inamtoka kwa miluzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Pisha, usinimwagie."

Nikanyoosha mikono nimpokee. Akakwepa kwa bega, ndoo haikutikisika. "Ya kwako kajaze bondeni," alisema. "Hii ina mwenyewe."

Nikamfuata nyuma na ndoo yangu tupu. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakushangaa, wala hakuinuka. Shangazi alipiga goti moja ili kichwa chake kifike chini vya kutosha, mama akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Wifi, leo umechelewa," alisema. "Na haijajaa."

"Mlima ni wako," shangazi akajibu. "Sikuujenga mimi."

Nilimkaribisha aketi apumzike, nikamsogezea kigoda. Hakukitazama. Alisubiri mama amwage maji kwenye pipa, akachukua ndoo yake, akateremka tena, kwa sababu pipa lilikuwa bado halijafika nusu.